Pembe ya Zephania

Zephania alikuwa mlinzi katika jumba moja la maduka huko Dubai, na hakuna ubaya wowote katika kulinda. Ubaya ulikuwa mdomoni. Kwa watu wa kwao Mukurwe-ini alikuwa "operesheni". Kanisani alikuwa "menejimenti". Mama yake Teresiah, aliyemzaa na kumfuta kamasi kwa kidole, aliujua ukweli asubuhi ya kwanza baada ya kushuka ndege, alipomkuta mwanawe anapiga pasi shati lenye nembo begani, filimbi imelala kando ya kikombe cha chai.

"Hiyo filimbi ni ya mtoto?"

"Ni ya kazi, Mama. Mimi ni supavaiza."

"Na supavaiza anampulizia nani?"

Zephania akacheka kile kicheko cha mtu anayebanwa na kiatu.

Teresiah hakumwonea mwanawe haya kwa kulinda. Ulinzi ndio ulioezeka nyumba yake mabati, ndio ulionunua ng'ombe aliyekuwa akimkamua. Alimwonea haya kwa kuukana mkono uliomlisha. Mtu akila ugali kisha akajifuta mdomo na kusema ameshiba keki, huyo usimgombeze. Mwangalie tu, maana njaa itamrudia.

Hata hivyo alikuwa amekuja kwa furaha. Alitumiwa tiketi akaambiwa, njoo umwone Wangari akimaliza shule. Wangari alikuwa mjukuu wake wa kwanza tena somo yake, maana Teresiah naye ni Wangari kwa jina la kwao; kwa desturi yao binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba. Alipomwona yule msichana mrefu akimkimbilia pale uwanja wa ndege, alijiona yeye mwenyewe, kabla magoti hayajaanza kulia.

Nyumba ilikuwa Karama, ghorofa ya juu, vyumba viwili. Kimoja kilikatwa katikati kwa mbao nyembamba, na nyuma ya mbao hizo alipanga kijana mmoja, Dancan, ambaye kikohozi chake kilikuwa kimeshakuwa mtu wa familia. Wiki ile ya sherehe Dancan aliombwa akalale kwa marafiki. Mbao zikafunikwa pazia la rangi ya dhahabu, mgeni asijue kwamba wenye nyumba wanapangisha pumzi.

Mke wa Zephania aliitwa Peninah, Mkamba wa Machakos asiyejua lugha ya Mukurwe-ini, na ndiyo sababu nyumba ile ilisema Kiswahili. Alifanya kazi saluni, na alikuwa mwanamke mwema mpaka aonekane na watu. Ndiye aliyemweleza mkwewe mpango wa Alhamisi.

"Asubuhi ni mahafali, Mama. Jioni ni prom."

"Prom ndiyo nini?"

"Ni dansi ya waliomaliza. Msichana anavaa gauni, kijana anakuja kumchukua nyumbani na limo, lile gari refu, wanapigwa picha, wanaenda hotelini."

"Anamchukua anampeleka wapi baadaye?"

"Anamrudisha, Mama! Sio harusi."

"Mh. Hebu nilione hilo gauni."

Peninah akalitoa kabatini kama anatoa mtoto kitandani. Lilikuwa la zambarau, limejaa vimetameta hadi kiunoni, na mgongo wake fundi alikuwa ameusahau.

"Tumelikodi," Peninah alinong'ona. "Tunalirudisha Jumamosi."

"Na gari?"

"Limekodiwa pia."

"Na kijana?"

"Ah, Mama! Kijana ni Ken, wa Mama Ken!"

"Nauliza tu. Maana naona hapa kila kitu kina mwenyewe."

Huyo Mama Ken, Monicah kwa jina, alikuwa ndoto ya Peninah ya mchana. Mumewe, Stephen, alinunua viungo na mchele kwa jumla kule Al Ras, akavipakia vyomboni bandari ya Hamriya kwenda Mombasa, na alikuwa na godauni lake karibu na bandari. Monicah alikuwa na dereva. Monicah alikuwa na mtu wa kumwosha mbwa. Monicah alipoenda Al Ras kuchagua zafarani alishika pua, kana kwamba si harufu ile iliyomjengea nyumba. Peninah alikuwa ameshajifunza na kile kikohozi chake kidogo cha kuanzia maneno. Siku mbili tu, na Teresiah aliweza kutambua anapozungumza Peninah na anapozungumza Monicah aliye ndani ya Peninah.

Jioni Teresiah alikaa na somo yake kitandani, wakala njugu za kukaanga alizotoka nazo nyumbani, wakategana vitendawili.

"Kitendawili!"

"Tega, Shosho."

"Wamekula mavuno, shamba lingali na maua."

Wangari akafikiri, akatazama dari, akashindwa.

"Nipe mji," bibi akadai.

"Chukua Sharjah."

"Sharjah sitaki. Nasikia magari yake hayaendi."

"Basi chukua Abu Dhabi."

"Hapo sawa. Nimekwenda Abu Dhabi nikala, nikanywa, nikavaa dhahabu, nikarudi. Jibu ni mahafali yenu. Mitihani hamjamaliza, majibu ni Agosti, na mama yako keshaagiza keki. Kwetu tulikuwa tunasema usikate mbeleko mwana hajazaliwa. Ninyi mmekata mbeleko, mmekata na kanzu, mmemwalika na mpiga picha."

Wangari alicheka mpaka njugu zikamwagika. Halafu akasema alilokuwa nalo.

"Shosho, yakitoka mazuri nataka kuja kwenu. Nimeomba chuo cha ufundi Nyeri. Nataka kusomea umeme."

"Umeme? Kupanda milingoti?"

"Na kushuka. Mwaka jana jengo hili lilizimika stima, mwezi wa saba, joto lile. Watu wote walitoka nje, mwenye Land Cruiser na mwenye baiskeli, wamevaa nguo za kulalia, wanahema kama kuku. Akaja fundi mmoja Mhindi, mfupi, na mfuko wake. Wote wakamwamkia. Nikasema, kumbe mkubwa ni huyu."

"Baba yako anasemaje?"

"Anasema hakunileta Dubai nikashike waya."

Teresiah akamtazama. Mikono ilikuwa yake, vidole vyake vifupi vya kung'oa magugu. Akaona ni mikono itakayofaa kwa waya, na moyo wake ukajaa. Angerudi nyumbani Juni. Agosti msichana angemfuata. Nyeri na Mukurwe-ini si mbali. Angekuja Ijumaa na nguo chafu na njaa, na bibi angepata mtu wa kumpikia.

Jumatano, Zephania alimwita mama yake jikoni, akafunga mlango. Akatoa mfukoni pembe. Ilikuwa imepigwa rangi ya kung'aa, imevishwa pete ya bati mdomoni, ya kuuzwa kwa watalii. Pembe ya mnyama aliyekufa bila kujua Mukurwe-ini iko upande gani wa dunia.

"Kesho, Mama, kabla watoto hawajaondoka, Stephen na mkewe wataleta kinywaji kidogo. Tutafanya utamaduni."

"Utamaduni upi?"

"Ule wa kumwuliza binti."

Teresiah akakaa juu ya ndoo ya mchele. Kwao, watu wakimtaka binti huja na kinywaji, na kinywaji hicho hakiguswi hata kama koo za wazee zimekauka, mpaka binti aulizwe mbele ya wote: tukinywe au tusikinywe? Akisema kinyweni, huonja yeye kwanza kisha akampa baba yake, na hapo ameshasema. Amewekewa alama kama mti wa mtu. Akisema msinywe, wenyewe hukibeba wakarudi nacho.

"Wangari ametakwa?"

"Bado ni mazungumzo, Mama. Baba Ken anataka msichana aliyelelewa vizuri. Ken hajatulia, unajua vijana. Wakiwekeana ahadi sasa, mwaka ujao tunafanya harusi. Na Baba Ken ameniahidi godauni." Macho yakamng'aa. "Meneja, Mama. Meneja wa godauni zima. Khalas, filimbi naitupa baharini."

"Na Wangari amesema nini?"

"Wangari tutamwambia ni mambo ya picha. Hawa watoto ukiwaambia mapema wanaingiza maneno mengi. Akishasema, ameshasema."

"Na chuo?"

"Chuo cha waya! Mama, wewe acha."

"Na mimi uliniitia nini, Zephania?"

Mwanaume akajikuna shingo. "Baba hayupo tena. Bila mzee wa nyumba kushuhudia, pembe ni kikombe tu. Stephen mwenyewe ndiye aliyesema uje."

Kumbe. Tiketi ile, simu zile tamu, "Mama njoo uone mjukuu wako." Hakuitwa kuja kuona. Aliitwa kuja kuwa muhuri. Teresiah akamtazama mwanawe kwa muda, akaona shati lililopigwa pasi, akaona pembe ya watalii, akaona kitambi kimeanza, na akahisi kitu ambacho hakuwahi kumhisia mtoto wake hata alipoiba sukari: alimdharau. Si hasira. Hasira ina joto. Hii ilikuwa baridi, kama maji ya kisima.

"Mh," alisema, akainuka kwenye ndoo.

Jioni hiyo hakutega kitendawili. Alimwambia msichana yote, neno kwa neno. Wangari akacheka.

"Shosho, tuko elfu mbili na kumi na nne! Ken hata hanipendi, anapenda simu yake. Tunaenda pamoja kwa sababu mama zetu wamepanga. Eti nikisema neno moja kwa pembe ya watalii ndio nimeolewa?"

"Pembe haifungi mtu. Watu ndio hufunga. Utasema kesho kwa kucheka, na siku ukitaka kwenda Nyeri baba yako atakwambia: ulisema mwenyewe, mbele ya wazee, na picha zipo."

"Baba hawezi kunifanyia hivyo."

Teresiah alijua anaweza. Wangari akambusu shavuni, akaenda kupaka kucha rangi.

Alhamisi asubuhi walikwenda mahafali, katika ukumbi wa hoteli wenye baridi ya kuhifadhia nyama. Teresiah alijifunga shuka na bado akatetemeka. Watoto walipita mmoja mmoja wamevaa majoho meusi na vile vikofia vya pembe nne visivyokinga jua wala mvua. Hotuba zilikuwa tatu, na zote zilisema watoto ni viongozi wa kesho. Wa leo hawakutajwa. Kila mtoto alikabidhiwa karatasi iliyoviringwa na kufungwa utepe mwekundu. Wangari alipopokea yake, Zephania alisimama juu ya kiti kupiga picha mpaka mlinzi wa hoteli akaja kumwomba ashuke, na hapo yeye mlinzi akamwambia mlinzi mwenzake, "Unajua mimi ni nani?"

Nje, Teresiah aliomba aone cheti. Wangari akafungua utepe. Karatasi ilikuwa nyeupe pande zote mbili.

"Haina kitu," bibi alisema.

"Ni ya picha, Shosho. Vyeti vinakuja na matokeo."

"Mama, usiikunje!" Peninah akapiga kelele. "Mama Ken yuko pale!"

Ikaviringwa tena, utupu wake ukafungwa utepe, na watu wazima wakapanga foleni kupigwa picha nayo.

Alasiri nyumba ilijaa. Kiyoyozi cha dirishani kilikuwa kinadondosha maji ndani ya beseni, na Peninah alikuwa ameficha beseni nyuma ya maua ya plastiki, kwa hiyo maua yalikuwa yanalia tip, tip, tip. Mpiga picha alikuwa Sulaiti, Mganda, mlinzi wa zamu ya Zephania, aliyekuwa ameagizwa kuja siku yake ya mapumziko na kamera ya kuazima.

"Sulaiti, yalla! Piga keki kabla haijayeyuka!"

"Naam, bosi. Keki itabasamu?"

"Piga tu, wacha mchezo."

Stephen aliingia wa kwanza, suti ya kijivu, jasho la kijivu. Lifti ilikuwa imegoma, na mtu wa godauni akipanda ngazi hutambua uzito wa mali yake. Monicah akafuata akikohoa kile kikohozi, akatazama pazia la dhahabu, akatazama beseni, akasema, "Nyumba yenu ni ndogo lakini inapendeza," na Peninah akashukuru kwa maneno yote mawili. Nyuma yao Ken, suti nyeupe, simu mkononi, kijana mzuri asiye na dhambi wala kazi. Alikuwa amebebeshwa kreti ya soda. Mamake alishika blanketi jipya na ndoo ndogo ya asali.

Wangari akatoka chumbani na gauni la zambarau. Kwa dakika moja hata Teresiah alisahau kudharau. Msichana alipendeza, basi. Hata kitu cha kukodi kikivaliwa na mwenye damu yake huwa kama chake.

"Ken, sema kitu," Monicah akamsukuma mwanawe.

"Uko poa," Ken akasema, akachukua sambusa.

Zephania akapiga makofi. Akawaweka watu duara: Stephen na Monicah kwenye kochi, mama yake kwenye kiti cha katikati kilichofungwa utepe, binti amesimama mbele. Akafungua soda nyekundu, akaijaza kwenye pembe, povu likapanda likamwagikia kidole chake. Akajilamba upesi akidhani hakuna aliyeona.

"Wapendwa," akaanza kwa sauti ya menejimenti, "sisi tuko Dubai lakini hatujasahau mizizi. Tutafanya utamaduni kidogo, kwa ajili ya picha. Sulaiti, uko tayari?"

"Tayari, bosi."

"Wangari, mama. Kinywaji hiki kimeletwa na marafiki. Tukinywe?"

Wangari akamtazama bibi yake kwa jicho la utani, akageukia kamera, akafungua mdomo. Teresiah aliona neno likija. Aliliona kama mtu anavyoona kikombe kikielekea ukingoni mwa meza.

"Ngoja," alisema.

Maua yakaendelea, tip, tip.

"Zephania, marafiki gani? Na wamekileta kwa sababu gani? Kinywaji kina mwenyewe na kina neno lake. Umenitoa mbali kushuhudia. Sishuhudii kitu kilichofunikwa. Muulize mtoto kama mtu anavyoulizwa."

"Mama, ni picha tu."

"Basi sema. Maneno hayaharibu picha."

Zephania akamtazama Stephen, Stephen akamtazama Zephania, pembe ikadondosha soda juu ya zulia. Ikawa sasa ni nani mwanaume wa kulisema. Naye Stephen alikuwa mtu wa kupenda kusikilizwa. Hakuweza kuona duara la watu likakaa bure.

"Mama anasema kweli!" akasimama, akajipangusa. "Kwa nini tufichane? Mimi nitasema. Tumeona ua zuri katika boma hili, nasi tuna kijana. Tunaomba ua hili lisichumwe na mwingine. Mwaka ujao, Mungu akipenda, tutarudi na mbuzi."

Peninah akapiga vigelegele. Sulaiti akashusha kamera. Wangari hakuwa anacheka tena.

"Ken," alisema, "wewe ulijua?"

Ken akameza sambusa. "Mimi niliambiwa picha, halafu limo."

"Baba Ken," msichana akamgeukia Stephen, na sauti yake ilikuwa ya adabu kabisa, "nikisema mnywe, Agosti nitaenda Nyeri kusomea umeme?"

Stephen akacheka kwa upole wa mtu anayempa mtoto peremende. "Umeme wa nini, mwanangu? Kwetu stima iko masaa yote."

"Na bili hailipwi na wewe," Monicah akaongeza. "Utaharibu vidole hivi vizuri kwa waya? Utakaa, utapumzika, utamtuliza Ken. Huyu akipata mke atatulia."

"Nitulie nini?" Ken akauliza.

"Sema, mama," Zephania akamhimiza binti yake, meno nje, jasho kwenye nyusi. "Sema 'kinyweni'. Watu wana kiu. Sema tu."

"Baba, si ulisema ni picha tu?"

Teresiah aliweka mikono mapajani akaifunga, isije ikainuka. Yaliyobaki hayakuwa yake. Bibi akimvuta mjukuu neno mdomoni, atakuwa na tofauti gani na baba anayelisukuma ndani?

Zephania alitazama chini, kwenye doa jekundu la zulia.

Wangari akakitazama kichwa cha baba yake kilichoinama, akakitazama muda mrefu, na Teresiah aliona kile kitu cha baridi kikiingia kwenye macho ya mtoto, kile kile cha jikoni. Akamhurumia, maana umri ule ni mapema mno kukijua.

"Basi msinywe," Wangari alisema.

"Wangari!" Peninah akalia.

"Nimesema msinywe, Mama. Samahani, Baba Ken. Samahani, Mama Ken. Asanteni kwa kuja."

Monicah alikohoa, safari hii kikohozi cha kweli. "Ati tumekataliwa? Sisi? Na watu wanaoficha mpangaji nyuma ya pazia?"

Kumbe alijua. Kila mtu anajua daima; ni mwenye pazia tu asiyejua.

"Mama Ken, tafadhali, ni mtoto, hajui anachosema," Peninah akamshika mkono.

"Anajua vizuri sana," Teresiah alisema. "Ameulizwa, amejibu. Na kwa desturi, kilicholetwa na mtu kikakataliwa huondoka na mwenyewe. Wageni wangu, msisahau kreti."

Kreti ikabebwa. Ilibebwa na Stephen mwenyewe, maana Ken alikuwa ameshasimama mlangoni na dereva alikuwa chini na hasikii. Mtu wa godauni akateremka ngazi ghorofa baada ya ghorofa, soda zikigongana mikononi, mkewe nyuma na blanketi na ndoo ya asali, akimwambia kila ngazi alivyomwonya. Majirani walifungua milango. Watoto wa Kifilipino wakahesabu chupa.

Ken alibaki mlangoni, mguu mmoja ndani, mwingine nje.

"Sasa," akauliza, "na limo?"

Wangari akapangusa jicho kwa mgongo wa mkono, akainua gauni lake lisifagie soda. "Limo haijakataliwa. Twende. Lakini ukinikanyaga gauni utalilipa wewe, linarudi Jumamosi."

"Poa," Ken akasema, na kwa mara ya kwanza akaweka simu mfukoni.

Teresiah alisogea dirishani. Chini, gari lile refu jeupe lilikuwa limekwama kati ya magari ya Karama kama nyoka aliyemeza ngazi. Halikuweza kukata kona, likapiga honi, kijana wa duka la mboga na mkokoteni wake akaliamuru rudi, njoo, rudi, njoo, kana kwamba yeye ndiye aliyelikodi. Watoto wawili wakaingia. Likatoka kinyumenyume.

"Mama, umenivunjia nyumba," Zephania alisema nyuma yake. Bado alikuwa ameshika pembe. "Godauni limekwenda. Ungenyamaza tu. Ungekaa kwenye kiti ukanyamaza."

"Nilikulea nikiwa kimya," Teresiah alisema, "na ona nilichopata. Mimina hiyo soda, inakuvutia nzi."

Peninah alilia chumbani mpaka akachoka, kisha akatoka akakata keki, maana keki haijui aibu. Walikula wanne: yeye, mumewe, mkwewe na Sulaiti.

Jumapili Sulaiti alikuja na habari, na uso wa mtu asiyejua acheke au aombe radhi. Stephen alikuwa amemtafuta. Alichukua namba yake siku ile ile ya kreti, Sulaiti aliposhuka kumfungulia mlango wa chini. Alimpa kazi ya godauni.

"Kazi gani?" Zephania aliuliza, ingawa sauti yake ilikuwa imeshajibu.

"Ya mlangoni, bosi. Kuna kiti na tochi. Na kitanda, kama mtu anataka kulala humo humo, nyuma ya magunia. Alisema alitaka kwanza mtu wa ukoo, maana mtu wa ukoo haibi wala haulizi nyongeza. Lakini sasa, ndio hivyo."

"Meneja ni nani?"

"Meneja ni Mhindi, bosi. Yuko pale miaka mingi."

Zephania akaenda dirishani akasimama kumpa kila mtu mgongo. Teresiah alimtazama mgongo ule, akangoja. Alitaka sana, Mungu ni shahidi, aone ukigeuka na uso wa mtu aliyejifunza. Mama hata akimdharau mwanawe humwachia mlango wazi kidogo.

Akageuka. Alichukua simu, akampigia kaka mmoja wa kanisani, akakohoa kidogo.

"Eeh, ndugu yangu, tulikuwa na mahafali mazuri sana. Wangari? Anaenda nyumbani Agosti. Uhandisi wa nishati. Ndiyo, nishati. Walimtaka watu wakubwa hapa, lakini mimi nikasema hapana, mtoto asome kwanza. Mimi ni baba wa kisasa."

Wangari, aliyekuwa mezani na vitabu vya mtihani uliobaki, akainua macho kumtazama bibi yake. Teresiah akafyonya, mfyonzo mrefu wa kutoka tumboni, akachukua shati la mlinzi kwenye kamba, akaanza kumpigia pasi.